Paka yangu mu depo ya makayabo

Veterineri wa kwetu Nyakasanza anasemaka na pua, kama mutu mwenye mafua ya mwaka muzima. Alibonyeza paka yangu tumbo, akanusa kinywa yake, akaniita kama bibi yake: "Koko, figo zake zimechoka, donc hazitapona. Lakini ukimuangalia muzuri, atakaa bado na weye. Maji mingi. Chumvi, hapana. Ile samaki ya chumvi, makayabo, zéro!"

Nikamurudishia na ileile pua yake: "Makayabo, zéro!" Alicheka mpaka sindano ikaanguka.

Akanifundisha kumupa seromu. Miye sikukanyaga masomo hata siku moja, lakini ngozi ya paka haiombe diplome. Unaivuta juu ya mugongo, unaingiza sindano, maji inashuka polepole, mugongo inavimba kama mama mwenye kubeba mutoto. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Lakini ule muzee wa paka, wa kijivu, alikuwa mukali, mutu moja hakutosha. Rafiki yangu wa nyumba ya pili ndiye alikuwa anamukamata. Tulikimbia vita pamoja na ule mwanamuke, sufuria yangu ku kichwa yake, mutoto wake ku mugongo yangu. Siku ya veterineri alikuwa pale pale. Ile "zéro" aliisikia na masikio yake mbili.

Kisha tukapata kilio ku Boga, mutoto wa dada yangu alikufa. Nikamuachia rafiki yangu ufunguo na chupa za seromu. Akanijibu na ile sauti yake ya kanisa, macho ikifungwa: "Dada, enda ulie mutu wako. Paka iko mu mikono yangu."

Nilirudi siku ya tano. Paka hakuna. Chupa zote zimejaa.

"Iko natembea," akasema. "Unajua paka, haikai."

"Mwenye kushindwa kupanda ku kiti, anatembea wapi?"

"Atarudi tu, dada. Pumzika kwanza."

Mangaribi akaingia na mufuko ya mukaa ku mukono. Akaifungua. Paka yangu akatoka, manyoya imesimama kama fagio ya zamani, macho imeingia ndani. Akaenda ku sahani ya maji na hakuinua kichwa. Nikamubeba, nikamunusa. Makayabo.

"Ulimupeleka wapi?"

Akakaa chini bila kuambiwa. "Ni bokilo aliniomba."

Mutoto mwanamuke wa rafiki yangu alikuwa anaolewa, na bokilo, ule mukwe wake, mama ya kijana mwenye kuoa, anauzisha makayabo ku soko kubwa. Panya zilikuwa nakula mifuko yake mu depo. Kwetu hapa paka mwenye kujua kazi anaombwaka kama kinu, anazunguka nyumba kwa nyumba. Wangu, wakati alikuwa muzima, alichunga maharagi ya avenue muzima. Na bokilo, kama mahari haijaisha, hawamukatalie kitu.

"Ngombe mbili bado hazijafika," akasema. "Ningemuambia nini?"

"Ungemuambia paka haiko yako! Ungemuambia iko mugonjwa!"

"Nilifikiri kazi itamuamsha. Paka ya kulala tu ndiyo inakufa."

"Siku ngapi?"

"Ine."

"Nani alikuwa anamupa maji?"

Akaanza kupanguza kitenge yake, na haikukuwa na vumbi.

Ujinga ningeumeza. Nimemeza mingi, hata yangu. Lakini aliniangalia mu macho akasema paka iko natembea. Alijua nilitoka kulia, akanituma nipumzike, ili apate saa ya kwenda kufungua depo.

Kesho yake veterineri alikuja. Hakusema na pua sana ile siku. Maji niliyoweka jana peke yangu, paka hakupigana tena, ilikuwa ingali inaning'inia mu ngozi, mwili haukuinywa. "Koko, siku kidogo tu," akasema.

Siku ya pili rafiki yangu akafika na kartoni. Ndani, katoto ka paka, keusi, kanalia. Akaongea na sauti ya bokilo wake, nzito, ya mutu wa kupima kilo: "Muambie ule mama tubadilishe, asikasirike!" Miye ndiye nilimufundisha kuiga watu hivyo. Akangojea nicheke.

Muzee wangu alikuwa ku mukeka, kati yetu, angali anapumua.

"Kapeleke kwa mwenyewe," nikasema.

"Dada..."

"Na ufunguo yangu, acha hapo ku mulango."

Aliiacha. Nilisikia kale katoto kanalia mu kartoni mpaka ku barabara.

Paka yangu alikufa asubuhi ya kesho, kichwa ndani ya mukono yangu. Nilichimba shimo na jembe ya kupalilia, nyuma ya jikoni. Mara mbili nilikaa kupumzika, nikaendelea. Rafiki yangu alikuwa ku lupango ya nyumba yake, upande ingine ya ua ya muchongoma, anatwanga majani ya pondu. Akaacha kutwanga. Alingojea nimuite.

Sikumuita.