Dawa Itangoja Fahali

Wiki jana nilikaa kwenye kliniki ya saratani mjini Kakamega, nikimsubiri shangazi yangu. Mezani kwa nesi alisimama kijana kutoka kijiji cha Malinya, kiganja kikifunika uvimbe pajani. Benchi zima tulisikia.

"Hii yako ni ya nadra, hatuionangi hapa," nesi alisema. "Utalazwa Ijumaa, dawa ianze Jumamosi."

"Sista, Jumamosi fahali yangu inapigana. Haijawahi kuingia uwanjani bila mimi."

Mama yake alifunika uso kwa leso. Mzee mmoja aliguna. Mimi nami nilimwona mjinga: anaambiwa habari za uhai wake, anajibu habari za ng'ombe.

Nesi aliweka kalamu chini. "Inapigana na ya nani?"

"Na ile ya kule Khayega, ya pembe moja."

"Ile? Ngoja kwanza."

Aliingia kwa daktari, akarudi, akaandika Jumatatu. Ndipo kijana akavuta kiti, akakaa.

"Haya, sista. Sasa niambie hii ugonjwa yangu ni gani."

Sisi wa benchini tulikuwa tumemhurumia sana. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.