Mama Funda na Bia ya Tangi Namba Tatu

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Mama Funda, mwonjaji wa kiwanda cha bia, anatafuna kipande cha mkate mkavu, anashushia maji ya uvuguvugu, kisha anawaambia waliomo chumbani wanyamaze. Hajajipaka manukato wala hajanywa chai.

"Chai nitaikuta mchana," anasema. "Pua ikishashiba, ulimi unabaki kubahatisha."

Mezani kuna glasi tatu za bia nyeusi tititi, povu lake la kahawia hafifu. Imetoka tangi namba tatu, lenye lita elfu moja na mia mbili. Kimea chake kimekaangwa mpaka kikawa cheusi, na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, zimetiwa bila ubahili.

Nyuma yake amesimama mpishi wa bia hiyo, pande la mtu ambaye wenzake humwita Kimea. Ndiyo bia ya kwanza aliyoibuni mwenyewe, na ameihangaikia miezi minane. Mama Funda akisema haifai, inamwagwa. Mwenye kiwanda naye ameshaapa: ikimwagwa hii, Kimea asahau kubuni nyingine.

Mama Funda ananusa. Anapiga funda, anameza. Waonjaji wa bia hawatemi, kwa sababu uchungu wake husikika nyuma kabisa ya ulimi. Anaonja ya pili, na ya tatu.

"Inanuka karatasi iliyolowa," anasema. "Imeingiwa na hewa, imeharibika. Pole, mwanangu. Imwagwe."

Kimea anatoka kwenda kufungua koki ya tangi.

Hakuna anayebisha, na sababu ipo. Miaka kumi na tisa iliyopita mama huyu alikuwa akiosha chupa hapa hapa. Siku moja akamwambia mwonjaji wa wakati ule kwamba bia inanuka siagi. "Alicheka mpaka akashika mbavu," anakumbuka. "Jioni wakaipima. Siagi tupu! Kesho yake nikaitwa nikae naye mezani."

Sasa anajimiminia maji kwenye glasi safi ili asuuze kinywa. Anaipeleka mdomoni, anasita. Anainusa tena.

"Yalaa! Hata maji yananuka karatasi!"

Glasi zote zilizopo mezani, za bia na ya maji, ni mpya, zililetwa jana. Ili zisiingiwe na vumbi, zililazwa usiku kucha ndani ya boksi la karatasi, midomo chini, zikanyonya harufu ya boksi. Na aliyezilaza si mwingine, ni yeye mwenyewe.

"Koki! Acheni hiyo koki!" Mama wa miaka hamsini na minne anatimua mbio, kiatu kimoja kimebaki mlangoni. Mwandishi wa makala haya, mwenye umri mdogo kuliko wake, ameachwa nyuma.

Zimeshamwagika ndoo mbili. Kimea amegeukia ukuta.

Zinaletwa glasi za zamani kutoka rafu ya waya, zinasuuzwa. Mama Funda anaonja upya mafunda yote matatu.

"Mwanzo unapata kahawa," anasema. "Halafu ganda la chungwa. Uchungu unakaa, lakini haukwaruzi. Ni bia nzuri sana, mwanangu. Kosa ni langu. Nimeihukumu bia kwa dhambi ya boksi."

Kimea analia waziwazi, bila kujificha. "Mama, ungeniua," anasema, kisha anacheka na machozi yake. Mama Funda anaandika kosa lake kwenye daftari kwa mkono wake, huku wapakiaji wakimtania kwamba leo kaonja boksi.

"Waacheni wacheke," anasema. "Ningenyamaza, nisingelala."

Bia hiyo itaingia dukani Jumamosi. Nyumbani kwake yupo mume, fundi cherehani, mwenye malalamiko ya siku nyingi: "Mke wangu analipwa anywe, mimi nalipa ndipo ninywe. Hii ndoa ina haki kweli?"

Mkewe ana mpango. Katika miaka yote hiyo, anasema, hajawahi kumaliza glasi. Kazi yake ni mafunda matatu, basi.

"Nitanunua chupa mbili za Kimea, yangu na ya mzee. Tukae kibarazani, nimalize glasi nzima."

Ataipa alama ngapi?

"Ebu niache, mwandishi. Siku hiyo nitakuwa nakunywa."