Funda la Maji Kabla ya Dripu

Mume wangu alivuta sigara tangu alipoajiriwa kuwa gadi wa treni mpaka siku aliyostaafu, na baada ya kustaafu akavuta zaidi kwa sababu sasa alikuwa na nafasi. Nilimwambia. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwambia mbele ya mchungaji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika nyumba yetu ya Kaloleni, hapa Voi, mkuu ni mimi, ingawa yeye hapendi hilo lisemwe mbele za watu. Kwa hiyo kikohozi kilipomganda na sauti ikamkauka, sikushangaa. Nilikasirika tu. Hasira yangu huonekana kwenye cherehani: siku zile nilishona sare za shule kwa kasi mpaka wazazi wakadhani nimeajiri fundi wa pili.

Walimpima Voi, wakampima tena Mombasa, wakamtoa kipande cha nyama kifuani. Daktari aliyetuita kutupa majibu alikuwa mwanamke, mdogo kuliko binti yetu wa kwanza, lakini hakuzungukazunguka. Alisema ni saratani ya mapafu, ile ya seli ndogo, aina inayokimbia, na imeshatoka kwenye pafu ikafika kwenye ini. Upasuaji hauwezi kusaidia. Dawa zipo, na mara nyingi hufanya uvimbe usinyae vizuri kabisa, ila kwa watu wengi ugonjwa hurudi. Ndiyo maana hospitali yao ilikuwa inashiriki katika utafiti. Kila mgonjwa angepewa dawa mbili za kemo zinazotumika kila mahali, pamoja na ya tatu ya kuamsha kinga ya mwili. Nusu ya wagonjwa wangeongezewa ya nne. Nani ataongezewa na nani hataongezewa, kompyuta ndiyo ingepiga kura, si yeye wala sisi.

"Kwa hivyo mnataka kumfanya panya," nikamwambia.

"Panya haulizwi kama anataka, mama," akajibu. "Yeye anaweza kukataa leo, ama akubali leo akatae kesho, na bado tutamtibu."

Nilimpenda pale pale. Nikamuuliza kama hiyo dawa ya nne ni nzuri, mbona asipewe kila mtu. Akasema hawajui kama ni nzuri. Wangejua, wasingehitaji utafiti. Huenda ikasaidia, huenda ikawa ni kumchosha mgonjwa bure. Mimi ni mtu wa kuamua, na niliamua kabla hajamaliza sentensi. Niliitaka ile ya nne. Niliitaka kama ninavyotaka haki yangu, na sikuwa na shaka hata chembe kwamba kompyuta yao ingetupa.

"Nitatia sahihi," mume wangu akasema, "lakini kwanza nimwone dada yangu."

Daktari alikubali, akatuonya mambo mawili. Tusikawie, maana ugonjwa wenyewe hausubiri. Na asiguse mitishamba ya aina yoyote, iwe mizizi, majani au unga wa sokoni, kwa sababu ingeweza kuvuruga ini na kuvuruga majibu, na hapo wasingeweza kumpokea kwenye utafiti.

Dada yake mkubwa anaishi Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na wakati ule alikuwa amemkasirikia. Ndugu yake alikuwa amekohoa, amekonda, amepimwa Voi na Mombasa, bila kumpigia simu hata siku moja, kwa aibu ya sigara. Habari alizipata Maungu, kwa mama anayeuza nyanya. Akatupigia. "Nasikia nina ndugu mgonjwa," akasema, kisha akakata simu.

Sisi Wadawida, yaani Wataita, tuna jambo linaloitwa kutasa. Wazee wetu walishika kwamba hasira ya mtu wa karibu, ile inayokaa kimya moyoni, inaweza kumlaza mwingine kitandani na kuzuia dawa isimfae. Kuiondoa ni kazi ya mwenyewe aliyekasirika. Anachukua funda la maji, au bia ya miwa kwa wanaoinywa, analipuliza nje, na kutamka kwamba ameachilia. Mimi nililelewa kanisani, kule juu Wundanyi, na mambo hayo niliyahesabu kuwa ya bibi na babu. Mume wangu naye ni mzee wa kanisa. Lakini mzee wa kanisa huyo huyo aliniambia, "Dawa zenyewe ni kali. Siwezi kuziingiza mwilini na dada yangu amenuna." Nilibishana naye kidogo, nikaacha. Kumshinda mtu anayekohoa hakuna utamu.

Jirani yetu mwenye pikapu akatupeleka. Tulimkuta wifi yangu mbele ya nyumba yake, anapeta pojo. Hakuinuka. Alilitazama gari, akamtazama dereva, akarudi kwenye ungo wake.

"Mmekuja na jirani," akasema. "Kumbe hata jirani anajua."

Mume wangu akakaa kwenye kigoda, akavua kofia. "Nimekosa, dada. Niliona haya."

"Haya ya nini? Si mimi nilikuwa nakuogesha?"

Akaendelea kupeta mpaka pojo zikaisha. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akasimama mbele ya ndugu yake. Akachukua funda, akalipuliza kando, akasema kwa Kidawida kwamba kama kuna neno moyoni mwake juu ya huyu mtoto wa mama yake, limetoka. Apone, atembee, ale ashibe. Akapuliza tena. Mimi mtu wa kanisa, niliyejua yote, nikajikuta nalia kwenye ncha ya leso, na sikulia kidogo. Mume wangu alivuta pumzi ndefu ambayo haikumkohoza. Sijui niliseme vipi jambo hilo ila kulisema tu.

Yangeisha hapo tungerudi Voi tukiimba. Lakini wifi yangu hana mazoea ya kufanya jambo nusu. Alirudi ndani akatoka na kibuyu. Alikuwa ameichimba mizizi mwenyewe mlimani siku ile ile tuliyompigia simu kusema tunakuja, na leo ameichemsha tangu alfajiri. Kwake yeye, kuachilia hasira bila kumpa mtu kitu cha kunywa ni kama kufungua mlango na kumwacha mgeni barazani. Akamimina kikombe, akampa ndugu yake. Na mume wangu, aliyesikia maneno ya daktari kwa masikio yake mawili, akakipokea na kukiinua.

"Usinywe," nikasema.

Wifi yangu akanigeukia taratibu. "Mmenifanya niteme hasira. Sasa mnataka niimeze tena?"

"Si hivyo, wifi. Dawa yako si mbaya. Lakini hao wa Mombasa wanataka kujua dawa yao inafanya nini mwilini. Akichanganya na hii, akipona hawatajua ameponywa na nini, na akizidiwa hawatajua. Watamkataa."

"Akipona si mimi nitajua?"

Nilimtazama mume wangu, kikombe kimekaribia mdomo, nikajua kwamba atakinywa. Mtu aliyelelewa na dada yake hakatai kikombe cha dada yake, hata kama ndani mna moto. Mambo yote tuliyoyatafuta Mombasa yalikuwa yanaishia pale, kwenye ua wenye makapi ya pojo.

Nikakichukua kile kikombe kutoka mkononi mwake.

"Siku niliyoolewa hapa," nikamwambia wifi yangu, "wewe ndiye uliyenishika mkono ukanikalisha. Ukasema mimi na yeye sasa ni mwili mmoja, nikimuumiza nimejiumiza. Basi, mwili ndio huu."

Nikanywa mpaka tone la mwisho. Heri shubiri. Macho yalinitoka, koo likakataa, nikalilazimisha. Mdomo wa wifi yangu ukaanza kucheza, kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Akanimiminia kingine. Nikanywa na hicho, kwa sababu nikianza jambo huwa namaliza. Njiani kurudi tulisimamisha pikapu mara kadhaa kwa ajili ya tumbo langu, na katika vichaka vile vyenye tembo mtu hajisaidii kwa raha. Mume wangu alishika zamu ya kuangalia tembo. Alicheka, akakohoa, akacheka tena, nami sikumnyima.

Wiki ile ile alitia sahihi. Kompyuta ikapiga kura yake. Daktari akatuambia bila kupamba: yuko kwenye kundi lisiloongezewa. Atapata zile tatu.

Mume wangu alisema sawa, akauliza dripu inaanza lini. Mimi nilikasirika, na cherehani haikuwa karibu. Nilikuwa nimekunywa vikombe viwili vya sumu kwa ajili ya dawa ya nne. Nilitaka kumuuliza yule daktari kama kompyuta yake imeolewa.

Kiti cha pili kutoka cha mume wangu alikaa mwanamke wa makamo, mfanyabiashara wa ndizi kutoka Taveta. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja na siku zao za dripu zilikuwa zile zile. Alikuja peke yake, na begi dogo na kitenge cha kujifunika. Yeye aliongezewa. Alituambia mwenyewe siku ya kwanza, kwa nia njema, akauliza, "Na nyinyi waliwapa kundi gani?" Nilipomjibu aliinamisha macho, mtu angedhani amechukua kitu mezani kwetu. Tangu siku hiyo nilimsalimu kwa adabu na sikuongeza neno.

Basi dripu zikaenda. Nywele za mume wangu zikatoka, hamu ya chakula ikamtoka, kisha kikohozi nacho kikaanza kumtoka. Baada ya awamu ya pili walimpiga skani, na daktari akatuonyesha kwa ncha ya kalamu jinsi uvimbe ulivyosinyaa, wa pafu na wa ini. Hakutudanganya. Alisema tufurahi, na tuendelee kuja. Mume wangu akaanza kwenda tena kanisani kwa miguu, akaanza kunisahihisha bei za vitambaa. Mimi nilimshukuru Mungu kwa dhati. Lakini kila nilipoketi katika chumba kile macho yangu yalikwenda kwenye ule mfuko wa nne uliokuwa ukining'inia juu ya mtu mwingine.

Awamu ya tatu yule mama wa Taveta alifika akiwa amebadilika. Ngozi ilikuwa imemtoka vipele mikononi, mwili unamwasha, midomo imekauka. Muuguzi alisema kwa sauti ya chini kwamba huenda ni ile ya nyongeza, daktari anakuja kuangalia kama wataisimamisha kwanza. Na mimi, nikiwa nimekaa pale na hotipoti ya kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, mapajani, nilisikia moyoni mwangu kitu kikisema, afadhali.

Niliogopa. Simwogopi mtu yeyote, lakini neno lile liliniogopesha. Nikamtazama mume wangu, amefumba macho, dripu inashuka, na nikakumbuka hatukumsogeza karibu na dawa hizi mpaka moyo wa dada yake uliposafishwa. Tulikuwa tumesafiri mpaka Makwasinyi kwa sababu yeye aliamini kwamba kinyongo cha mtu kinaweza kuzuia dawa ya mwingine. Kama hilo ni uongo, basi safari yetu ilikuwa ya bure na machozi yangu yalikuwa ya bure. Kama ni kweli, basi huyu mwanamke alikuwa anatundikiwa dawa huku mimi nimeketi hapa, hatua chache kutoka kwake, nimeizuia mlangoni. Yeye hakuwa na wifi wa kumchimbia mizizi. Hakuwa na mtu wa kumshikia hata kikombe.

Nikachukua chupa ya maji, nikatoka mpaka pale magari yanapoegeshwa, kwenye kipande cha ardhi kisicho na saruji. Askari wa mlangoni alikuwa ananitazama, nikamwacha atazame. Nikajaza mdomo, nikapuliza. Nilisema kwa Kidawida, kwa sauti, kwa kuwa kutasa kimoyomoyo si kutasa: kama kuna neno moyoni mwangu juu ya mwanamke yule, limetoka. Dawa yake imwingie. Apone, atembee, arudi kwenye ndizi zake. Nikapuliza tena, na mara hii nililia kwa uchungu wa kweli, wa sigara, wa ini, wa kompyuta, wa yote.

Niliporudi nilivuta kiti, nikakaa katikati yao. Nikafungua hotipoti, nikamkatia kimanga kidogo, nikamshikia kijiko kwa kuwa mkono wake ulikuwa na sindano.

"Nimekuona dirishani," akasema. "Ulikuwa unatapika?"

"Hapana. Nilikuwa naiombea dawa yako ifanye kazi."

Alitafuna polepole, akameza. Kisha akamgeukia mume wangu, aliyekuwa bado amefumba macho.

"Na yake?"

"Na yake," nikamwambia.