Dole Gumba la Mtafiti wa Pweza

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, sikuwa na njaa wala homa. Nilikuwa kwenye foleni ya kuandikishwa hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na karani akaninyooshea kalamu. Nikaikataa. Nikaomba wino, nikachovya dole gumba, nikabonyeza. Mimi, niliyekaa miaka minane Mombasa nikichunguza pweza, nikiandika kila juma jinsi mkono wake uliokatwa unavyoota tena! Karani akauliza kazi yangu. Nikamjibu, "Mi niko mulimaji. Sikusomaka."

Usicheke. Uongo ule ulikuwa umeniokoa. Nilikuwa nimerudi Bukavu kumzika baba, vita vikanikuta huko. Kwenye kizuizi cha kwanza binamu yangu Déo aliulizwa kazi, akasema kwa fahari yake ya kila siku, "Professeur." Wenye bunduki, waliokuwa wakiwasaka wasomi, wakamvuta pembeni, na sikumwona tena. Mimi niliyekuwa nyuma yake nikavua miwani, nikaifukia kwa kisigino, nikajipaka udongo mikononi. Diploma niliichoma mwenyewe nilipofika Uvira. Kuanzia pale nilikuwa mulimaji.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwako Mama Feresi, mjane Mrundi tuliyesafiri naye. Njiani alikuwa amenisikia nikisimulia habari za pweza, akapenda. Alinivuta shati.

"We baba, andikisha ya kweli. Barrière za wenye bunduki zimeisha. Huyo pweza wako, si anabadilisha rangi akiona adui? Na adui akienda, si anarudisha yake?"

"Mama, nyamaza. Haujue nani iko anasikiliza."

"Haya. Mficha uchi hazai."

Nilimwona mshamba. Mtu hajawahi kuona bahari, anifundishe mimi pweza!

Miezi saba ikapita. Nilikuwa nimemwandikia kwa siri mkuu wangu wa Mombasa, na jibu likaja kwa mkono wa katekista wa parokia ya Biwi. Nafasi yangu ipo, madaftari yangu yapo kabatini, nitafute tu kibali cha kusafiri. Niliisoma barua ile mara nne, nikalia kwa furaha kama mtoto. Nikaazima viatu vya mchungaji wa kanisa la kambini, nikaenda Lilongwe kwenye ofisi ya vibali.

Afisa wa vibali alikuwa mtu mpole, na ndilo lililoniuma zaidi. Aliiweka barua mezani, akaiweka fomu yangu ya kambini kando yake.

"Barua inasema daktari wa viumbe vya bahari. Fomu inasema mkulima asiyejua kuandika. Dole gumba hili ni la nani?"

"Langu, bwana. Nilidanganya. Niliogopa."

"Na leo nitajuaje kwamba hudanganyi?"

Nikamwambia asikie Kiingereza changu. Akasema hata wachuuzi wa mtaa wa Area 25 wanakijua. Basi nikaanza, jasho likinitiririka: bwana, pweza ana mioyo mitatu, damu yake ni ya buluu, mkono ukikatwa unaota mwingine. Afisa akamtazama mwenzake wa meza ya pili, wakaangua kicheko.

"Mioyo mitatu!" akasema, akifunga faili. "Ungechagua uongo mdogo kidogo. Zikomo, bambo." Yaani, asante bwana, nenda zako.

Mwanangu, kila neno nililosema mle ndani lilikuwa kweli tupu. Lakini lilitoka kwenye mdomo uliokwisha kujiandikisha kwa uongo, likaoza pale pale mezani.

Nilikata rufaa. Jibu lilipokuja, nafasi ilikuwa imechukuliwa, na mtu mwingine ndiye aliyeendeleza madaftari yangu. Mimi nilipewa jembe, kwa kuwa fomu ilisema mulimaji, na mahindi nimeyapalilia mpaka mgongo huu ukapinda. Nina uchungu, sikufichi. Mtu akiniambia yote ni mipango ya Mungu natamani kumrushia kitu. Siku ile niliporudi, Mama Feresi hakunicheka. Alinisogezea nsima, ugali wa huku, akasema, "Kula kwanza, daktari." Hakuna aliyeniita hivyo tena tangu alipofariki.

Sasa nakuambia haya kwa sababu jana nilikusikia ukiwaambia wenzako mliofika nao kambini kwamba kesho utajiandikisha kwa jina lingine, na shule yako utaikana. Sikulaumu. Sikukatazi hata kumdanganya mwenye bunduki. Ningesema kweli kule kizuizini, leo ungekuwa huna mzee wa kukusumbua. Lakini uongo wa njiani uuache njiani, usiingie nao nyumbani. Woga haujui kwamba vita vimeisha, ni wewe wa kuuambia. Ukiulizwa kwa upole, taja jina lako lote, na shule yako, na kazi yako, hata kama sauti inatetemeka. Majuto ni mjukuu, na mimi huyu mjukuu namlea mpaka leo.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde na wenye bunduki, na akiisha kukulinda, akuvue woga waliokuvisha. Jina alilokupa mama yako likutangulie kwenye kila mlango, na popote litakapotajwa, uitike. Amina.