Swali Kabla ya Fatiha

Nilifika Pemba kwa kuzunguka, kama nilivyofika kila mahali. Nilitoka Korogwe kwa treni hadi Tanga, Tanga nikakaa nikachoka, nikavuka kwenda Mombasa, nako nikachoka. Unguja nilishona mashati ya shule mpaka chumba kikaanza kunibana. Ndipo mtu akaniambia kuwa Pemba wakati wa karafuu hakuna anayevaa nguo kuukuu. Nikapanda meli. Ilitia nanga mbali kidogo na Mkoani, tukashushwa kwa mashua, mimi nimekumbatia cherehani yangu ya mkono na kutapika kwa heshima upande ambao hakukaa mtu. Kutoka hapo ni gari la bodi ya mbao mpaka Chake, mlima na bonde, mlima na bonde, kisha miguu, nikaipita Pujini, hadi kijiji ambacho sitakitaja.

Muhindi mwenye duka alinipa kibaraza chake nikaweka cherehani. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimesoma sekondari nusu, nikaacha. Mwaka haukuisha nikaoa hapohapo, binti wa mjane mmoja, nikahamia nyumbani kwa mkwe wangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu utoto kulala mahali nisiwazie pa kwenda kesho. Hilo nalisema ili ijulikane nilikuwa na nini cha kupoteza.

Kisha siasa ikaingia. Watu wa chama hiki wakasusia duka la wa chama kile, wakasusia kisima, harusi, mpaka salamu. Kijiji chetu karibu chote kilikuwa chama kimoja. Mkubwa wao alikuwa mtu mnene, mcheshi, mjumbe wa baraza la wilaya, na ndiye aliyeshika funguo za vitu vya msikiti: majamvi, masufuria ya shughuli na jeneza.

Jirani yetu, mzee mkulima wa mihogo, alihamia chama cha pili. Haukupita muda akafa. Wanawe walipokwenda kuomba jeneza, mkubwa yule alisema ufunguo umepotea. Wakambeba baba yao kwa kitanda cha kamba. Kwa kawaida mazishi ya huku wanaume wanagombania kutia bega, huyu anamtoa huyu, na maiti haikai bega moja hatua kumi. Siku ile walibeba watu wanne, walewale, kutoka nyumbani mpaka makaburini. Walipochoka waliteremsha kitanda chini, njiani, wakapumua. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kwenye vibaraza watu walikaa wakatutazama, na tulipokwisha kuwapita waliendelea kumenya machungwa.

Baada ya miezi chama kikamsimamisha mkubwa yule kugombea Baraza la Kutunga Sheria, kule Unguja. Tukaitwa wanaume wote kwenye banda la makuti. Halua imewekwa, kahawa inanukia. Shehe aliyekuwa akiongoza alimsifu, akasema chama kimeridhika naye, kisha akamalizia: "Mwenye neno na aseme, au tusome Fatiha."

Kumbe maneno yale kule husemwa tu. Husemwa kwenye posa, kwenye suluhu, kwenye kila kikao ambacho shauri lake lilikwisha zamani, na anayeyasikia huinua mikono. Mimi nilikulia bara, nilidhani nimeulizwa.

Nikasema, "Mimi nina swali, Shehe. Mtu aliyewafungia jirani zake jeneza, akipewa baraza la nchi nzima, atatufungia nini?"

Hakuna aliyefoka. Ningependa wangefoka. Shehe aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa nyumba ya pili, akasema, "Al-Fatiha." Mikono ikainuka yote. Kahawa ikazunguka, kikombe kikafika kwa aliyekaa kulia kwangu, kikarukia kwa wa kushoto.

"Hata kura hana," mtu mmoja alisema nyuma yangu, bila hasira.

"Mwache. Mgeni huja na mguu wake, hurudi na mguu wake."

"Akiwa nao bado."

Wakacheka kidogo.

Kesho yake watu wakaanza kuja kibarazani kuchukua vitambaa vyao. Mtu anaingia, anakunjua marundo, anakitoa chake, anaondoka. Vingine nilikwisha kuvipima na kuvitia chaki. Mchana kibaraza kilikuwa kitupu, na mwenye duka akatoka akasimama mlangoni.

"Fundi, mimi sina chama. Mimi nina duka," aliniambia kwa sauti ya chini. "Leo hawajaniuliza kwa nini unakaa hapa. Kesho nikiulizwa?"

Nikitoa salamu, hairudi. Mke wangu akifika kisimani, wanawake wanajitanda kanga zao na kuondoka, hata mwenye ndoo nusu. Asubuhi moja alifungua mlango akarudi ndani akanivuta mkono. Kizingitini palilazwa kipande cha mgomba, urefu wa mtu, kimezungushiwa bafta nyeupe na kufungwa kichwani, kiunoni na miguuni, kama maiti anavyofungwa. Kwenye mikutano ya siasa walikuwa na mchezo wa kuuzika mgomba wakisema ndio chama cha pili. Huu haukuwa mchezo. Nilipoifungua ile bafta niliona alama za chaki, mkono wangu mwenyewe: mabega, kifua, urefu wa kanzu. Mwenye kitambaa kile nilikuwa namjua. Tulikuwa tukisali safu moja.

Tangu siku hiyo nilianza kutembea nikiuhofia mgongo wangu. Nikisikia nyayo, nageuka. Nikila, nauliza nani kapika, na ni mke wangu kapika.

Kisha akaja mkubwa mwenyewe. Alikuja mchana kweupe, kofia mpya, akakaa kwenye kiti changu cha wateja hadi kikalia.

"Fundi! Mbona kimya hapa, kwani Ramadhani imeingia?" Akacheka. "Nataka koti. La kwendea Unguja. Usinibane kwapani, ntu akisimama barazani lazima mkono uinuke."

Nikamzungushia futi kifuani. Namba sikuisoma, nikazungusha tena, nikamwona ananitazama.

"Ulisema kweli," alisema taratibu, mikono yake ameinua. "Ufunguo haukupotea. Ulikuwa mfukoni mwangu. Haya, kweli yako imekusaidia nini?"

Nikaandika kifua kwenye daftari.

"Mie sikuchukii, wallahi. Ijumaa baada ya sala simama, useme ulisema kwa ujinga, yaishe. Mama mkwe wako hali yake vipi? Miguu bado imevimba?"

"Bado, bwana."

"Mungu amuafu. Ntu mzima yule. Siku yake ikifika atataka watu." Akashusha mikono. "Kifua umeandika ngapi? Ongeza kidogo."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu uani, kwa kunong'ona, lakini mgonjwa alikuwa na masikio. Akaniita. Alikuwa amelala na miguu juu ya mto, inang'aa kwa uvimbe.

"Mwanangu, usiende kusema uongo ndani ya msikiti kwa sababu yangu," alisema. "Neno lako lilikuwa neno."

"Basi sitakwenda, mama."

Kisha akanishika mkono. "Ila mie naogopa. Naogopa kuteremshwa njiani."

Nilijua nilichobaki nacho. Kusema uongo ule sikuweza, na kukaa bila kuusema kungekuwa ni kumnyima mama yule watu wa kumbeba. Mke wangu hakuweza kumwacha mamake, wala sikumwomba. Nilimwambia atakapokuwa huru anifuate Tanga, akaitikia, na sote wawili tukatazama pembeni. Koti nililimaliza. Sikuthubutu kutolimaliza. Lilimkaa vizuri sana.

Siku niliyoondoka nilimbusu mkwe wangu mkono, nikabeba cherehani begani nikaelekea mwisho wa kijiji, ambako siku hizo gari la karafuu lilikuwa likifika. Mke wangu aliishia mlangoni. Niliipita njia yote ya vibaraza huku macho nimeyatia chini, nikingoja jiwe.

"Asalaam aleikum, fundi!"

Nikashtuka nusura niangushe mzigo. Kibaraza cha pili nacho, "Safari njema, fundi!" Mmoja akashuka akaipokea cherehani, akanibebea mpaka kwenye gari, akaipandisha juu na kuifunga kamba. Alikuwa ndiye mwenye ile bafta. Alinipa mkono, nikaupokea.

Gari lilipowashwa nilitazama nyuma, njia nzima ya vibaraza mpaka mlangoni petu. Wanawake wawili, kanga zao zimefunika bakuli, walikuwa wanapiga hodi nyumbani kwa mkwe wangu, na mke wangu anawapisha waingie.