Viatu Vyangu Mlangoni mwa Msikiti

Harufu ya mafuta ya taa hunikunja vidole vya miguu mpaka leo. Naweza kuwa nimesimama sokoni Kitale, mtu anapimiwa mafuta kwenye chupa, nami bila kutaka nahisi vidole vimejikunja ndani ya viatu vikitafuta pa kujificha. Wewe unayesoma haya usinicheke. Au cheka kidogo tu, maana mimi mwenyewe nimewahi kucheka, ingawa si siku ile.

Nilihamia Kibomet, mtaa wa hapa Kitale, kwa shangazi yangu nikitoka Misikhu, nilikolelewa na nyanya yetu, tuliyemwita kukhu. Nyumba ya kukhu ilikuwa ya udongo, sakafu yake vumbi, na ndani ya vumbi hilo waliishi funza. Nilifika Kibomet na nguo zangu chache, na funza wangu pia. Shangazi aliwatoa kwa pini jioni baada ya jioni, kisha akanipaka mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia. Funza waliisha, ingawa shangazi aliendelea kunipaka mafuta yale kila asubuhi ili wasirudi, lakini vidole vilibaki na mashimo, na kucha nyingine zilikuwa zimeng'oka. Shuleni, mtoto aliyejulikana kuwa na funza aliitwa jina hilo hilo, na dawati zima likawa lake peke yake. Kwa hiyo sikuvua viatu mbele ya mtu. Hata kuruka kamba niliruka na viatu, nikisema miguu yangu haipendi baridi.

Basi Mwalimu Wekesa, aliyetufundisha historia ya mji wetu, akatangaza kwamba tutatembelea msikiti wa mjini. Wenzangu walifurahia kukosa hesabu. Mimi nilikuwa nimewahi kuona viatu vimepangwa nje ya mlango ule, na nilijua kinachonisubiri. Nikamwendea, nikamwambia kanisa letu la Marafiki haliruhusu waumini kuingia msikitini. Hofu ilikuwa imenisahaulisha kwamba Mwalimu Wekesa alikuwa mzee wa kanisa hilo hilo, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele yetu.

"Ati haliruhusu?" akaniuliza. "Na mimi siku hiyo ilitangazwa nilikuwa nimelala?"

Nikarudi kwenye dawati langu. Kukhu alizoea kusema mficha uchi hazai, nami nilikuwa sijafikiria kuzaa, nilitaka tu kumaliza darasa la tano bila jina la mdudu.

Msikiti wenyewe ulitushangaza. Kuta zake zilikuwa za mawe ya kuchonga, na ulikaa upande upande, haukufuata barabara kama maduka yaliyouzunguka. Sisi tuliamua kwamba fundi alikosa kamba ya kupimia. Aliyetupokea alikuwa ustadhi kijana, mrefu, mwenye lafudhi ya Kibukusu kabisa kama yetu, jambo lililotushangaza zaidi ya jengo, kwa kuwa tuliamini kila Mwislamu ametoka Mombasa. Alituambia fundi hakukosea. Nyumba ile haikuangalia barabara, iliangalia kibla, upande wa Makka, ili wanaosali wote waelekee huko. Akasema hapo mwanzo palikuwa na chumba cha udongo na nyasi, na akina mama wa mtaa, Waislamu na Wakristo, walikuja kukikandika pamoja kama wanavyokandika nyumba yoyote ya huku. Mawe yalifika baadaye kwa mikokoteni ya ng'ombe, na mafundi wa Kihindi wakayachonga.

Tukafika penye mabomba ya kutawadhia, kando ya mlango. Kulikuwa na viti vifupi vya saruji na mfereji uliopita mbele yake. Mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo ustadhi akatuambia tuvue viatu na tunawe matope kabla ya kukanyaga zulia.

Wenzangu walivirusha viatu vyao. Mimi niliinama, nikafungua kamba, nikaifunga tena. Miguu ilikuwa imetoka jasho, na harufu ya mafuta ya taa ikapanda.

"Nani amebeba stovu?" mmoja akauliza, na wote wakacheka.

Nilitamani mfereji ule unichukue. Ustadhi alipita karibu nami bila kusimama, akaenda upande wa pili wa ua.

"Kabla tuingie, hebu kila mtu akuje huku aangalie hii mnara," akasema. "Juu kabisa. Macho isishuke mpaka nimalize."

Akaongea juu ya mnara ule mpaka shingo zikauma. Akaeleza rangi yake, njiwa wake, kipaza sauti chake, na jinsi mvua ya Mlima Elgon inavyoupiga ubavuni. Mwalimu Wekesa mwenyewe alianza kujisugua kisogo. Nami nikavua, nikanawa, nikaingia. Walipokuja walinikuta nimeketi zuliani karibu na mihrabu, pale anaposimama imamu, miguu yangu chini ya sketi. Nilimshukuru Mungu kwa kumuumba ustadhi mwenye maneno mengi, na kwa miaka yote iliyofuata nilijisifu moyoni kwamba niliwapiga wote chenga.

Siku hizi mimi ni mwalimu hapa Kitale. Majuzi niliwapeleka wanafunzi wangu msikitini, nikamkuta ustadhi yule yule, ndevu zimekuwa nyeupe. Alitueleza habari za kibla na za akina mama waliokandika, lakini mnara aliupita kimya. Nikamwambia ameuruka.

"Hiyo mnara haina historia, mwalimu," akacheka. "Ni ya kontrakta tu. Hakuna kitu ya kusema."

Nilishangaa, lakini muda ulikuwa unatubana, swala ilikaribia. Penye mabomba, msichana mmoja alibaki nyuma ameinama, anahangaika na kamba za viatu.

"Wewe, unatuchelewesha," nikamwambia mbele ya wenzake. "Vua viatu haraka."

Alifungua kamba, akaifunga tena. Ustadhi akakohoa.

"Kabla tuingie, hebu kila mtu akuje huku aangalie hii mnara," akasema. "Na mwalimu pia."

Nilikwenda. Nikainua uso pamoja na watoto, nikasikia habari za rangi na za njiwa, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nyuma yetu bomba likafunguliwa, maji yakaanza kutiririka mferejini. Sikugeuka.