Kwa Bertila Mle Bila Kuuliza

Nilipiga simu kuungama dhambi, mtu akanicheka.

Hakikuwa kicheko cha dharau. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyechoka kulia. Nilikuwa nimetoka kumwambia Ngwali kwamba mimi, Bertila, nilimlisha marehemu mama yake nyama isiyo halali, yeye na familia nzima, huku nikiwaangalia usoni. Simu hiyo niliipiga siku ya arobaini ya msiba wake.

Akacheka. Halafu akaniambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nikiwa peke yangu kwenye gari, nasogea pembeni ya barabara nisimame kwanza.

Ngoja nianzie mwanzo. Naandika ili nisisahau, hata zile sehemu zinazonitia aibu.

Mimi ni Mhaya wa Bukoba. Mwaka 2018 nilikuwa naishi Garland, kaskazini mashariki mwa Dallas, na mume wangu Sospeter. Nilikuwa napaki mizigo kwenye ghala. Chini yetu, mlango unaotazama ngazi, alikaa Bi Mwatime, mama wa Kipemba, pamoja na mwanawe Ngwali, dereva wa lori, na mke wa Ngwali, Amna.

Nilipomzaa Clara, miaka minne kabla ya hapo, sikuwa na mama huku, wala shangazi. Siku ya pili nikasikia hodi. Bi Mwatime amepanda ngazi na maji moto na taulo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Lala chini. Ujifanye shujaa, nani huku atakupa nishani?"

Alinikanda siku arobaini. Hakuniuliza dini wala kabila. Alikuwa anakuja asubuhi, ananikanda, ananikorogea uji wa pilipili manga, anamwogesha mtoto, anashuka kwake. Siku niliyojaribu kumshukuru kwa maneno mengi alinikatiza.

"Wewe ni mwanangu. Mtu hamshukuru mama yake kama anayetoa hotuba."

Basi huyo ndiye mtu niliyemdanganya.

Novemba ile wakwe za Ngwali, wazazi wa Amna, walikuwa wanatoka Houston kuja kula nasi sikukuu ya bata mzinga, ile ya Wamarekani ya kutoa shukrani. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuja tangu harusi. Kwa Bi Mwatime oveni ilikuwa mbovu, kwetu ilikuwa nzima. Tukakubaliana tule kwangu.

Menyu tuliipanga wiki tatu. Tuliandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, tukaibandika kwenye friji. Wali: Bi Mwatime. Sambusa: Amna. Sombe, yaani kisamvu: Généreuse, jirani yetu Mkongo wa mlango wa pili. Ndizi na maharage: Bertila. Makaroni ya jibini: kwa amri ya Clara.

"Na senene," Sospeter akasema, wale panzi wetu wa kukaanga.

"Senene mtakula wenyewe mkishafunga mlango," Bi Mwatime akamjibu bila kugeuka. "Wakwe zangu nimewapata kwa shida."

Juu kabisa ya bahasha niliandika kwa herufi kubwa: BATA MZINGA, BERTILA.

Sharti lilikuwa moja tu. Bata atoke kwenye duka la nyama ya halali kule Richardson, na aodiwe mapema, maana wiki ile bata huisha haraka.

"Niachie mimi, mama," nikasema. "Jumatatu nitaoda."

Baba yake Amna, Mzee Swafwani, ni mtu wa kuuliza. Nyama imetoka wapi, imechinjwa na nani, sufuria imepikiwa nini kabla. Usiku mmoja alipiga simu, Bi Mwatime akaiweka kwenye spika, mimi nikiwa pale pale nasuka nywele za Clara.

"Huyo Mkristo tunayekwenda kula kwake," mzee akauliza, "chakula chake kikoje?"

Bi Mwatime hakusita hata kidogo.

"Kwa Bertila mle bila kuuliza. Yule ni mimi."

Nilijisikia kama nimepewa ufunguo wa nyumba.

Wiki ya sikukuu ghala liligeuka wazimu. Zamu za masaa kumi na mawili, maboksi hayaishi, narudi nyumbani nikiwa sijui hata jina langu. Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita.

Jumatano mchana, tunatoka kazini, meneja amesimama mlangoni anamgawia kila mfanyakazi bata mzinga mmoja aliyeganda. Zawadi ya sikukuu. Nilipomshika mkononi, mzito na wa baridi, ndipo nikakumbuka.

Nikapiga simu Richardson hapo hapo kwenye maegesho.

"Dada, wameisha tangu jana."

Nikapiga duka la Arlington. Wameisha. Jingine, halikupokea.

Nilipofika nyumbani Sospeter aliniangalia tu akajua.

"Mama Clara, shuka umwambie. Si kesi. Kuku wapo."

"Nimwambie nini? Wakwe zake wako njiani, muda huu wameshapita Corsicana. Amewaambia wale bila kuuliza."

"Basi usiseme huyo ni wa halali."

"Sitasema."

Nikalichana lile ganda la plastiki, nikalitupa jalala la nje, siyo ndoo ya jikoni. Mtu asiye na nia mbaya hatembezi takataka umbali ule kwenye baridi.

Alhamisi asubuhi Bi Mwatime akapanda na sufuria yake ya wali, ameifunga kwa kanga. Bata alikuwa tayari ndani ya oveni. Kifuani alikuwa na kile kijiti chekundu ambacho nyama ikiiva kinachomoza chenyewe. Bi Mwatime akainama, akachungulia kwenye kioo cha oveni. Akakaa pale kidogo.

"Mwanangu, yote yamekwenda sawa?"

"Sawa, mama."

"Hakuna kilichoharibika? Kama kipo sema, bado mapema. Mambo ya jikoni hayana aibu."

Jamani, alinifungulia mlango mpana kabisa. Nilichotakiwa kufanya ni kupita.

"Hakuna, mama. Huyo wa Richardson, nilimchukua jana."

Akaniangalia. Akanifuta unga shavuni kwa ncha ya kanga yake.

"Haya. Mungu akubariki."

Halafu akasema kitu kimoja ambacho sikukitilia maanani. Sinia la upande wake atalipakua mwenyewe, wakwe zake wana madoido.

Nilimkabidhi fungu lao la bata, yeye na wageni wake wakala kwenye mkeka sebuleni, sisi na Généreuse mezani. Nilibeba trei ya vinywaji nikapita pale. Nikamwona Mzee Swafwani anatafuna nyama. Akaniinulia kichwa.

"Bi Bertila, nimekula vizuri. Kweli hapa hapaulizwi."

Niliingia bafuni, nikafungulia maji, nikakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea mpaka Sospeter akaja kugonga.

Machi 2019 Ngwali alipata kazi ya kubeba kontena bandarini Houston. Wakahama. Siku ya kuondoka Bi Mwatime alinishika mikono yote miwili, akaishikilia, kama mtu anayengoja. Nikamwambia safari njema.

Ni mwendo wa saa nne tu kwa gari. Sikwenda hata mara moja.

Alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Mwanzo nilipokea. Halafu nikawa napokea moja, naacha mbili. Halafu nikawa naiangalia simu inaita juu ya meza mpaka inyamaze, kisha naandika: "Niko kazini mama, nitakupigia." Clara alikuwa akiniangalia. "Mom, it's Bibi," anasema. Najua ni Bibi, mwanangu.

Sikuwa nimemchukia. Kila nikisikia sauti yake nilikuwa naona yule mzee anatafuna.

Novemba ile akanitumia ujumbe wa sauti.

"Bertila mwanangu, sikukuu mwaka huu ni kwangu. Nakusomea menyu. Wali ni mimi. Sambusa Amna. Ndizi mje nazo, huku Houston sizioni zile zenu. Na bata mzinga ni wewe, kama kawaida. Njoo tu. Usihangaike na kitu chochote, njoo tu na mikono yako."

Nikaurudia mara mbili. Bado ananiamini. Bado atawaambia watu wale bila kuuliza.

Nikajibu kwamba nimepangiwa zamu. Uongo mwingine.

Alhamisi ile tulikula piza. Jioni ikaingia picha kwenye simu: mkeka, sinia, na sahani tatu tupu pembeni. Chini ameandika, "Tumewawekea nafasi."

Hapakuwa na nafasi nyingine.

Julai 2020 korona ikaingia nyumbani kwao. Ngwali na Amna wakapona. Bi Mwatime akalazwa siku tisa. Hakuna aliyeruhusiwa kumwona, kwa hiyo hata hapo nilikuwa na kisingizio kizuri.

Mazishi niliyaangalia kwenye simu. Watu wachache, barakoa, jua la Houston linawaka. Ngwali akasimama mbele ya kaburi, akasema, "Kama yupo aliyekosewa na mama yangu, tunaomba amsamehe."

Wenzake wakaitikia, "Tumemsamehe."

Watu walioko kwenye simu nao wakaitikia, mmoja mmoja. Mimi mdomo ulikataa. Ningemsamehe nini? Mwenye kuhitaji kusamehewa nilikuwa mimi, na wa kunisamehe alikuwa anafunikwa udongo.

Ndipo siku ya arobaini nikampigia mwanawe. Nikamweleza yote, la ghala, la Richardson, la jalala. Akacheka.

"Dada Bertila," akasema, "hakuna aliyekula bata wako."

"Niliwaona, Ngwali. Niliwaona mnatafuna."

"Ulituona tunatafuna kuku."

Akanieleza. Ile Jumatano jioni Bi Mwatime na Amna walikwenda Richardson kununua nyama ya sambusa. Mama, kwa furaha yake, akamuuliza muuza duka, "Bata wa mwanangu Bertila ameshachukuliwa?" Yule akapekua daftari lake la oda. Hakuna Bertila. Mama akasema, basi nipe kuku wawili.

Aliwapika usiku ule na kuwazika chini ya wali. Ndani ya ile sufuria iliyofungwa kanga.

"Na lile fungu la bata nililowapa?"

"Muulize Généreuse."

Nikatoka na simu mkononi, nikagonga mlango wa pili.

"Eh, ma chère," Généreuse akasema, "ile nyama tulikula siku tatu. Bibi alinipatia kwa foili, akaniambia nisikuambie, utahuzunika. Mi nilifikiri wee unajua."

Nikarudisha simu sikioni. Nilitaka kushukuru. Mzigo wa karibu miaka miwili ulikuwa umetua.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema utakuja kumwambia mwenyewe. Alisema mtu mzima haumbuliwi jikoni kwake. Akangoja ile asubuhi. Akangoja siku tunahama. Kila Jumapili akikupigia alikuwa anasema, labda leo."

Nikakaa chini pale pale kwenye ngazi.

"Sasa sikiliza," Ngwali akaendelea. "Mwaka jana alipokupangia bata, alinituma mimi nikamnunue. Wa halali, mkubwa. Akaniambia, Bertila akija msimuulize kitu chochote, mpeni tu huyu aoke, yaishe. Hukuja. Tukala mbuzi."

"Na bata?"

"Alitukataza tusimguse. Yumo kwenye friza mpaka leo."

Hayo ndiyo maneno niliyokwambieni mwanzo.

Novemba, Ngwali alipita Garland na lori lake. Hakuweza kukaa, korona, na mzigo unangojwa. Akaniachia boksi la barafu mlangoni, akarudi nyuma hatua kadhaa, tukaangaliana juu ya barakoa. Juu ya bata palikuwa na karatasi imeshikana na barafu, mwandiko wa Bi Mwatime ule wa kulalia upande: Bertila.

Nilimwoka Alhamisi. Huyu hakuwa na kijiti cha kuchomoza, ilibidi nikae mbele ya oveni na kisu, nafungua, nachoma, naangalia, nafunga. Nilipanga menyu ile ile kwenye bahasha. Wali nikapika mwenyewe, ukashikana.

Kabla ya kula nikampigia Ngwali kwa video, na Mzee Swafwani alikuwepo. Nikamwambia mzee ukweli wote mbele ya mume wangu na binti yangu.

"Kumbe," akasema, "mwenzio alijua kupika kuku."

Wote tukacheka. Halafu nikalia, na Clara akanishika bega.

Kwa hiyo sikumlisha mtu haramu. Kosa hilo halikuwepo. Kosa langu ni lile nililolifanya baadaye, kila Jumapili, nikiangalia simu inaita. Nilidhani namkwepa mtu niliyemdhulumu, kumbe nilikuwa namdhulumu kwa kumkwepa.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu unamwona kwenye simu unageuza uso kwa aibu ya jambo ulilomfanyia, huenda analijua zamani. Huenda ameshakupikia kuku na anangoja tu useme. Pokea. Mimi nina namba ya Bi Mwatime mpaka leo, na Jumapili huwa naiweka simu juu ya meza, sauti juu.